Amazing Grace

Amazing Grace ni wimbo wa Kikristo uliotungwa na John Newton (1725–1807), kasisi Mwanglikana wa Uingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa.

Wengi husimulia kwamba aliutunga mara baada ya kuokoka katika dhoruba baharini, akaacha biashara hiyo papo hapo. Sivyo ilivyokuwa. Dhoruba ilitokea mwaka 1748, lakini kati ya 1750 na 1754 Newton aliongoza safari 3 za kubeba watumwa kutoka Afrika ya Magharibi, na aliacha ubaharia kwa sababu ya ugonjwa. Maneno ya wimbo aliyaandika mjini Olney kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773. Hadharani alilaani biashara ya watumwa mwaka 1788 tu. Tuni inayojulikana leo iliunganishwa na maneno hayo nchini Marekani mwaka 1835.