Chagua mlima kwa njia ya kurudi

Mkaaji wa Goma hahitaji ramani ili aone milima. Asubuhi isiyo na ukungu, Nyiragongo yenye mita 3,470 iko kaskazini mwa mji, na mbele kidogo upande wa mashariki zinaonekana Mikeno na Karisimbi, zote mbili zikipita mita 4,400. Kwa miaka mingi wageni kutoka Ulaya na Marekani walivuka bahari ili walale usiku mmoja kwenye vibanda vya ukingo wa kreta, walitazame ziwa la moto, kisha washuke. Kibali peke yake kiliwagharimu dola 300. Siku hizi swali la kwenda mlima upi limehamia kwetu. Muuguzi, mhasibu wa shirika, mwalimu au mfanyabiashara wa Birere anayejiwekea dola chache kila mwezi ili akatembee milimani anajua kwamba itambidi atoke nje ya nchi. Kwa kawaida jambo la kwanza analouliza ni mlima upi ni mrefu zaidi, au upi una jina kubwa. Naona swali hilo linaweza kungoja. La kwanza liwe hili: nikishafika juu, nitarudi nyumbani kwa njia ipi, na nani atanisaidia ikiwa njia hiyo itafungwa?

Historia ya Nyiragongo yenyewe inatosha kuonyesha kwa nini. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika. UNESCO iliiandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1979, kisha mwaka 1994 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hadi leo haijatoka humo. Mwezi wa Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa barabarani, na mlinzi aliyekuwa nao, msichana wa miaka 25, akauawa. Hifadhi ikafunga utalii mpaka Februari 2019. Mwaka mmoja baadaye ikafunga tena kwa sababu ya korona. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa karibu na makao makuu ya hifadhi huko Rumangabo, pamoja na dereva na raia waliokuwa njiani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka, lava ikashuka hadi Buhene, pembeni mwa mji, watu zaidi ya 30 wakafa, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Halafu vita vya waasi wa M23 vikarudi, Rumangabo ikatekwa Oktoba 2022, na hifadhi ilipotimiza miaka 100, mwezi wa Aprili 2025, upande wake wa Nyiragongo ulikuwa chini ya waasi hao. Njia ya mguu, ile inayoanzia Kibati na kupita juu ya mawe ya lava, ilibaki njia nzuri miaka hiyo yote. Ukiacha mlipuko wa 2021, kilichoifunga kila mara kilikuwa barabara, silaha, ugonjwa, au kukosekana kwa mamlaka ya kumjibia msafiri. Basi kipimo hicho tukibebe hata tunapotazama milima ya jirani.

Tuanze na mpaka, maana kwa mtu wa Goma likizo ya nje huanzia kituo cha Grande Barrière au Petite Barrière na kuishia hapo hapo. Tarehe 1 Agosti 2019, Ebola ikiwa imeingia Goma, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa. Waliokuwa ng'ambo wakabaki ng'ambo. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ikafunguliwa kwa wasafiri wa kawaida Machi 2022. Juni mwaka huohuo, baada ya askari Mkongomani kupigwa risasi Petite Barrière, saa ya kufunga ikawa saa tisa alasiri. Januari 2025 M23 wakauteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Mtu aliyepanga kushuka Karisimbi adhuhuri na kulala nyumbani kwake Katindo jioni hiyohiyo aone alivyojibana: ikinyesha, au mwenzake akiteguka mguu, saa ya mpaka itampita. Safari inayomfaa mtu wa Goma ni ile yenye siku moja ya ziada na pesa taslimu za kulala Rubavu au Musanze usiku ambao haukupangwa. Pasipoti iwe na miezi mingi mbele yake, na kadi ya njano ya chanjo iwe mfukoni, kwa sababu Kongo ni nchi ya homa ya manjano na majirani huikagua. Wanaodharau karatasi hizi hukwama kabla hata ya kuuona mlima.

Njia ya kurudi ni ya mwili pia, na hapa sifa ya Kilimanjaro imewadanganya wengi. Sisi tunaishi karibu mita 1,500, kwa hiyo tunaamini hewa nyepesi tumeizoea. Imani hiyo inasaidia kidogo tu. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi vinaweza kuanza mtu akipita mita 2,500, na ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Nyiragongo ilituzoeza vibaya: mtu alitoka mjini asubuhi na jioni akalala juu ya ukingo, karibu mita 2,000 juu ya kitanda chake, na wengi waliliona jambo la kawaida kuamka na kichwa kizito. Sasa tazama njia ya Marangu huko Tanzania. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,700 hivi. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, juu ya mita 4,700. Na usiku huohuo mtu anaamshwa aelekee Uhuru, mita 5,895. Safari ya siku tano inauzwa kwa bei nafuu kwa sababu imekatwa usiku wa kupumzika Horombo, ambao ndio mwili unauhitaji kuliko wote. Anayelazimika kubana pesa ni heri achague mlima mfupi kuliko kupunguza siku za mlima mrefu. Kilimanjaro ya siku saba au nane kwa njia ya Lemosho ni safari njema kabisa, ila ni ya mtu aliyekwisha kupanda juu ya mita 4,000 na kuona mwili wake unavyokubali.

Kuna atakayesema kwamba majirani nao hawana usalama wa kudumu, na ni kweli. Machi 1999 wanamgambo waliua watalii wanane Bwindi, Uganda. Oktoba 2019 wavamizi waliua raia Kinigi, kwenye lango la hifadhi ya volkano za Rwanda. Oktoba 2023 waasi wa ADF waliua watalii wawili na Mganda aliyewaongoza ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, chini ya safu ya Rwenzori. Sitaki msomaji asahau hata moja kati ya hayo. Lakini hebu tazama yaliyofuata: Bwindi ilirudi kupokea wageni na leo ni miongoni mwa hifadhi zinazoiingizia Uganda fedha nyingi, na Kinigi ilibaki wazi. Hakuna nchi inayoweza kumwapia msafiri kwamba hatari haitakuja. Msafiri anachoweza kukidai ni mamlaka inayojulikana kwa jina, yenye askari, redio, gari na hospitali ya kumpeleka mtu. Kwa hiyo anayekupa njia ya siri, isiyo na kibali wala mwongozaji, mkatae hata kama bei yake ni nusu.

Pingamizi jingine linauma zaidi, nalo linasikika mjini kwetu kila siku: kwa nini tupeleke dola zetu Rwanda? Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema Rwanda inaiunga mkono M23, Kigali imekanusha, na familia za Goma zina makaburi. Simwambii mtu apuuze dhamiri yake ili apate kutembea. Dhamiri ni sehemu halali ya kuchagua mahali. Namwambia tu kwamba safu ya Virunga iko katika nchi tatu, na hifadhi ya Mgahinga iko Uganda, karibu na Kisoro. Na wapo wanaoona ni aibu kutafuta starehe milimani wakati jirani ametoka kambi ya wakimbizi hana mlango. Hoja hii naiheshimu, ila siikubali yote. Muuguzi aliyefunga vidonda tangu Januari 2025 anayo haki ya kupumzika, na akilipa mwongozaji na mpagazi wa kijijini, pesa yake inafika jikoni kwa mtu. Kitu anachodaiwa ni kutobana ujira wa wapagazi. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na mgeni anaweza kuuona ukipimwa langoni. Awepo wakati huo, atazame mizani.

Nikipima kwa njia ya kurudi, Rwenzori naiacha kwa wazoefu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109 na ni chetu na cha Uganda kwa pamoja, lakini safari yake inakula wiki nzima au zaidi katika matope na barafu, na akiumia mtu siku ya nne, kumshusha ni kazi ya siku. Anayeanza kabisa anaweza kuifuata njia ya Congo Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu, upande wa Rwanda. Haifiki kimo cha kuumiza kichwa, na karibu kila kituo kina barabara au mashua, kwa hiyo anaweza kuikatisha siku yoyote akarudi.

Lakini kwa mtu wa Goma mwenye miguu mizuri anayetaka volkano ya kweli, chaguo langu ni Mgahinga. Hifadhi yenyewe ni ndogo sana, kilomita za mraba 33 na kidogo, na ndani yake kuna volkano tatu ambazo kila moja hupandwa na kushukwa siku ileile: Gahinga ya mita 3,474, Muhavura ya mita 4,127 yenye kiziwa kidogo kileleni, na Sabyinyo yenye vilele vya kupanda kwa ngazi za miti. Usiku mtu analala chini, pumzi zinamrudia, na hospitali iko Kisoro. Juu ya Sabyinyo mipaka ya Kongo, Rwanda na Uganda inakutana, na Mkongomani anaweza kusimama kwenye udongo wa nchi yake bila kupita barabara hata moja ya Rutshuru. Kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, aulize pia kama atatozwa kiwango cha raia wa Jumuiya, ambacho ni kidogo kuliko cha wageni wa mbali. Aandikie ofisi ya hifadhi mapema, asingoje kufika langoni. Na kabla ya kutuma hata dola moja ya arbuni, aulize kwanza mpaka atakaopitia unafungwa saa ngapi wiki hiyo.