Ruta Mbili Katika Nyumba Moja

Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Unene huo utupoozeao vyumba wakati wa kaskazi ndio uzuiao waifai isipande ghorofani. Basi familia ziishizo pamoja huongeza ruta ya pili juu, na hapo taabu huanza. Mama mkwe aliye chini, apokeaye maagizo ya mabuibui kwa tarakilishi yake, hawezi kuchapisha risiti kwenye printa iliyoko juu kwa mkaza mwana wake. Mtoto hutumwa ngazini na flashi mkononi kutwa nzima.

Printa haina kosa. Tuchukulie kuwa anwani za vyombo vya chini huanza na 192.168.1, na za juu 192.168.2. Tarakilishi ya mama ikituma karatasi kwa 192.168.2.20, huona kuwa anwani hiyo si ya mtandao wake, ikaikabidhi ruta ya chini. Ruta hiyo yajua njia mbili tu: ya kwendea vyombo vyake na ya kutokea nje. Huutoa mzigo nje, na huko anwani zianzazo na 192.168 hazina mwenyewe, kwani zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya majumba na maofisi. Karatasi hupotea, hali printa iko juu ya dari.

Dawa yake ni kuiandikia ruta ya chini njia ya kudumu. Kwanza ruta ya juu ipewe anwani isiyobadilika katika mtandao wa chini, mathalani 192.168.1.2. Kisha, kwenye mipangilio ya ruta ya chini, huandikwa mambo matatu: mtandao unaokwendewa ni 192.168.2.0, maski yake 255.255.255.0, na lango la kupitia ni 192.168.1.2. Ruta ya juu nayo iachishwe desturi ya kuvificha vyombo vyake nyuma ya anwani yake moja. Intaneti ya juu ikikatika kwa hilo, mipangilio irudishwe ilivyokuwa. Si kila ruta ya chini hukubali kuuhudumia mtandao wa pili. Nyingine hata ukurasa wa kuandikia njia hazina.

Lakini kuna jambo ambalo mafundi hawalitaji, nasi twaliona zito kuliko hizo tarakimu. Njia hiyo haielekei printa peke yake. Kamera ya chumba cha mtoto na hifadhi ya picha za harusi zaweza kufikiwa kutoka chini, hata na mgeni wa barazani aliyepewa neno la siri. Stara ya wa juu imo humo. Kwa hiyo tunashauri sehemu ya ulinzi ya ruta ya juu iruhusu watokao chini kuifikia 192.168.2.20 tu. Fundi akija, mkaza mwana awepo, na yeye ndiye aseme ni chombo kipi kifunguliwe.