Vimelea vya malaria vinavyopeana habari

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wanasayansi wa Taasisi ya Walter and Eliza Hall, mjini Melbourne, Australia, walichukua vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum. Kundi moja walilipandikiza jeni ya kuhimili dawa fulani, jingine jeni ya kuhimili dawa tofauti. Wakayachanganya, kisha wakatia dawa zote mbili kwa pamoja. Hakukuwa na kimelea chenye kinga ya dawa zote mbili, kwa hiyo vyote vilipaswa kufa. Baadhi vilipona. Vilikuwa vimeazimana silaha.

Viliazimanaje, ilhali kila kimelea kimejifungia ndani ya seli yake nyekundu ya damu? Vifuko vidogo mno vilitoka kwenye seli moja vikiwa vimebeba DNA, vikaingia kwenye nyingine. Vifuko hivyohivyo vilichochea vimelea vingine kugeuka gametosaiti, yaani hatua ile ambayo mbu huinyonya kwa mgonjwa na inayowezesha malaria kufika kwa mwingine. Kwetu sisi tunaolala chini ya vyandarua, habari hiyo si ndogo.

Ujanja huu si wa malaria peke yake. Karibu kila seli mwilini hutoa vifuko. Vile viitwavyo eksosomu vina upana wa takribani nanomita 30 hadi 150, na hadubini ya darasani haivioni kabisa. Vimo katika damu, mate, mkojo, hata maziwa ya mama.

Kwa muda mrefu vilidharauliwa. Mwaka 1967 Peter Wolf wa Uingereza aliviona vikitoka kwenye chembe sahani za damu, akaviita vumbi. Mwaka 1983 Rose Johnstone na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba seli changa za damu ya kondoo, zikikomaa, hutupa kwa vifuko protini zisizohitajika tena. Basi ikaonekana ni jalala tu. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 2007 huko Gothenburg, Uswidi: vifuko vya seli za panya vilipotiwa kwenye seli za binadamu, hizo za binadamu zikatengeneza protini za panya. Taka gani hiyo inayotoa maagizo?

Faida kwa tiba imeanza kuonekana, hasa katika upimaji. Marekani kuna kipimo cha mkojo kinachosoma RNA iliyomo vifukoni, kumsaidia daktari kuamua kama mwanamume akatwe kinyama cha tezi dume kwa uchunguzi wa saratani.

Biashara, kama kawaida yake, imekimbia mbele ya ushahidi. Kliniki huuza sindano za eksosomu kwa makunyanzi, nywele na magoti. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kupata madhara makubwa, ikisema haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu. Ukitangaziwa sindano hiyo, kwanza uliza ni mamlaka gani ya dawa iliyoipitisha, na uonyeshwe cheti.