Unguja, Pemba au Mafia? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia Mapumziko Visiwani

Picha za matangazo ya hoteli za visiwani hufanana: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, bahari iliyojaa. Aghalabu picha hizo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mlaji aliyedunduliza fedha mwaka mzima, akazilipa zote kabla ya safari, huamka siku ya kwanza akakuta bahari imekwenda mbali na kuacha matope na nyasi. Dai hana, kwa kuwa kupwa na kujaa kwa maji si kosa la mwenye hoteli. Ndiyo maana tunashauri uchaguzi wa kisiwa uanze na bahari yenyewe na kalenda, bei ifuate.

Tuanze na Unguja, iliyo na hoteli nyingi kuliko visiwa vingine. Pwani yake ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Paje na Jambiani, ni tambarare, na mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuo. Siku za bamvu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi, saa ileile watoto wanayotaka kuingia baharini, na hujaa tena alasiri. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, bahari haiendi mbali hivyo. Kulijua hili mapema si kazi ngumu: bamvu hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hivyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani yatosha. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina huanza karibu na ufuo, na mtu aweza kuogelea karibu saa zote. Hatusemi mashariki hakufai. Anayependa kutembea juu ya mchanga mbichi na kuwatazama akina mama wakishughulikia mashamba ya mwani atapata huko raha asiyoipata Nungwi.

Pemba ni kisiwa cha vilima, mikarafuu na mikoko. Fukwe ndefu za mchanga ni chache, na hoteli pia. Humfaa mzamiaji, au mtu anayetafuta utulivu na msitu wa Ngezi. Familia inayotaka michezo ya ufukweni itaona siku ni ndefu.

Mafia iko katika Mkoa wa Pwani, na safari yake huanzia Bara: kwa ndege kutoka Dar es Salaam, au kwa chombo kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Wengi huifuata kwa ajili ya papa potwe, anayeonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Atakayekwenda Julai kwa shabaha hiyo atakuwa amepoteza nauli. Aidha, sehemu ya kusini ya kisiwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na kiingilio chake hutozwa kwa kila siku. Uliza kama kimo ndani ya bei uliyotajiwa. Mara nyingi hakimo.

Kwa visiwa vyote vitatu, masika ya Machi hadi Mei huleta mvua kubwa. Baadhi ya hoteli hufungwa Aprili na Mei, na zilizo wazi hushusha bei. Punguzo la Aprili basi lina sababu yake, na mwenye kuridhika na mvua aweza kunufaika nalo.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, taka majibu kwa maandishi: bei ni ya mtu mmoja au ya chumba, inajumuisha milo mingapi, na vinywaji je, usafiri kutoka bandarini au uwanja wa ndege ni wa nani, fedha hurudishwaje chombo kisiposafiri kwa sababu ya kusi. Sheria inakataza kumpotosha mlaji, lakini ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Mtanzania na aulize pia bei ya mkaazi, kwa kuwa hoteli nyingi hutangaza ile ya mgeni peke yake, kisha achukue kitambulisho chake cha taifa: hudaiwa mapokezini, na asiye nacho aweza kutozwa bei ya mgeni.