Chakula cha Kivietnam na Faida ya Neno Moja

Wengi wenu mwapita kila siku mbele ya mikahawa ya Kivietnam bila ya kuingia, kwa kuchelea nguruwe. Hofu hiyo ina haki yake. Nguruwe yumo katika vyakula vingi vya watu hao, na mara nyingine yumo asipoonekana: mifupa yake huchemshwa ikawa supu, kisha supu hiyo ikamiminwa juu ya mboga. Anayeagiza “mboga” tu bado hajajihifadhi.

Lipo neno lililo bora, nalo ni chay, ambalo hutamkwa karibu sawa na chai yetu. Maana yake ni chakula kisichotiwa nyama wala samaki. Asili yake ni dini ya Kibudha, ambayo wafuasi wake wengi huko Vietnam huacha nyama siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Hata nước mắm, ule mchuzi wao mashuhuri wa dagaa waliolazwa katika chumvi kwa miezi mingi, hautiwi. Hutiwa sosi ya soya. Kwetu sisi dagaa hawana neno. Lakini jiko linalojali kuondoa hata dagaa, aghalabu halisahau kuondoa nguruwe.

Jambo hili tulilijaribu London, katika Kingsland Road, barabara yenye mikahawa mingi ya Wavietnam. Mwaka 1979 Uingereza ilikubali kupokea wakimbizi 10,000 wa Kivietnam kutoka kambi za Hong Kong, na wengi wakaja wakatua mitaa ya mashariki ya mji huo. Mjukuu wetu alikuwa amehitimu chuo, akachagua mkahawa mmoja uliosifiwa sana magazetini. Bi Mkubwa, aliyevuka miaka themanini, akasema, “Nendeni nyinyi, mimi nitakula wali wangu hapa.” Kijana hakujibu, aliinama tu.

Tukapiga simu siku mbili kabla. Supu ya chay yachemshwa kwa nini? Mafuta ni ya nini? Mvinyo wa mchele hutiwa? Vyombo je? Mama mwenye mkahawa alijibu moja moja: supu ni ya mboga na uyoga, mafuta ni ya mimea, mvinyo hautiwi katika chay. Visu ni mbali, lakini karai la kukaangia ni moja. Tukifika mapema atatutolea jingine. Bi Mkubwa aliposimuliwa akasema, “Aliyesema kweli juu ya karai hatadanganya juu ya supu.” Akaomba buibui lake.

Tulianza kwa gỏi cuốn: tofu, nanaa na tambi nyembamba, vimefungwa katika ngozi ya unga wa mchele iliyo laini kuliko manda za sambusa. Kisha ikaja bánh xèo, iliyopikwa kwa unga wa mchele, tui la nazi na manjano, ikajazwa uyoga na choroko zilizochipua. Bi Mkubwa alitafuna kwa utulivu, akatoa hukumu: “Hivi ni vibibi vilivyosahauliwa sukari.” Akaongezwa cha pili.

Wala Uislamu si mgeni Vietnam. Wacham wa jimbo la An Giang ni Waislamu, na katika jiji la Ho Chi Minh upo msikiti uliojengwa mwaka 1935.

Sisi si mamufti. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake. Mvinyo huuzwa humo, basi tuliomba meza ya pembeni, tukapewa. Phở ya ng'ombe tuliiacha, kwa kuwa machinjo yake hatukuyajua. Kijana aliitazama sana ikipita. Tumemwahidi kumpikia nyumbani kwa nyama ya bucha letu. Mdalasini na tangawizi tunazo, na tambi za mchele tumekwisha kununua.