Samaki Mgomvi Akae na Nani?

Ukienda mjini utakuta baadhi ya maduka yanauza samaki wadogo wa rangi. Hawa si wa kula. Ni wa kutazama nyumbani. Wengi wao wanakaa pamoja katika tangi la kioo. Lakini yupo mmoja anayewekwa peke yake katika chupa au gilasi. Ana mapezi marefu yanayopepea kama kanga kwenye upepo. Rangi yake ni nyekundu au buluu. Huyo anaitwa beta. Muuzaji atakuambia, "Huyu ni mgomvi, tena hahitaji maji mengi. Chupa inamtosha." Neno la kwanza lina ukweli ndani yake. Neno la pili linamwua samaki, na fedha ya mnunuzi inapotea.

Kwao beta ni Thailand, nchi ya Asia ambayo zamani iliitwa Siam. Huko anaishi katika mabwawa, mifereji na majaruba ya mpunga, penye maji ya kimya na majani mengi. Wenyeji humwita pla kat, maana yake samaki anayeuma. Tangu zamani watu wa huko waliwapiganisha madume na kucheza kamari, kama wengine wanavyopiganisha majogoo. Hata hivyo wanamheshimu sana. Mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Beta wa porini ana mapezi mafupi na rangi iliyofifia. Yale mapezi marefu ni kazi ya watu waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi, kama sisi tunavyochagua mbegu ya mahindi.

Sasa, hii habari ya chupa imetoka wapi? Ninyi mnaokaa karibu na mto au ziwa mnamjua kambare. Mnajua pia kamongo. Hao wanaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi, ndiyo maana hawafi upesi maji yakipungua. Beta naye ni hivyo hivyo. Juu ya mashavu yake ya kupumulia kuna kiungo chenye mikunjo mingi na damu nyingi. Mara kwa mara anapanda juu, anameza hewa, anashuka. Basi watu wakaona haya maji kidogo hayamwui, wakasema chupa inatosha. Lakini kuvuta hewa ni jambo moja, na kukaa katika uchafu ni jambo jingine.

Samaki anakula na kujisaidia mlemle ndani ya maji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Ile harufu inayochoma pua katika banda la kuku lisilofagiliwa, ndiyo hiyo. Katika chupa sumu hii hujaa haraka. Katika tangi lenye chujio, mambo ni tofauti. Wapo bakteria, yaani vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye mawe na ndani ya chujio. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa sumu nyingine. Wengine huigeuza hiyo tena kuwa kitu chenye madhara madogo, ambacho mimea ya majini hukitumia kama mbolea. Bakteria hawa huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo usinunue tangi leo na kulijaza samaki kesho. Tena chujio lisioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, maana klorini inawaua. Lisuuze kwa maji yaliyotoka katika tangi lenyewe.

Beta wa peke yake apewe kama lita 20, yaani debe moja. Akiwa na wenzake, tafuta tangi la lita 60 au zaidi, madebe matatu. Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Kwa mtu wa pwani hilo ni rahisi. Kwa mtu wa Njombe mwezi wa Julai, bila kifaa cha kupasha maji, samaki huyu atakufa. Tangi lifunikwe, maana huruka, lakini acha nafasi ya hewa juu ya maji.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Dume hugombana na dume mwenzake. Hata jike humfukuza, isipokuwa wakati wa kutaga. Jike akishataga, dume hubeba mayai kwa mdomo na kuyapanga katika povu alilotengeneza juu ya maji. Hapo hulinda mwenyewe, na mama anafukuzwa. Huko bwawani anayeshindwa hukimbilia kwenye majani, vita vinaisha. Katika kioo atakimbilia wapi? Ndiyo maana wanauana.

Kwa samaki wa aina nyingine, beta mara nyingi hana neno, mradi wasifanane naye. Gapi dume mwenye mkia mpana wa rangi anaweza kudhaniwa ni beta mwenzake, akapigwa. Gurami ni ndugu zake, nao usiwaweke pamoja. Upande wa pili, wapo wanaomwonea yeye. Babu wenye milia hudonoa mapezi yake marefu hadi yachanike, na jeraha likioza hufa. Wanaofaa ni samaki wadogo wapole: rasbora, au koridora anayekaa chini akitafuta mabaki. Hao hupenda kundi, sita au zaidi. Konokono pia hana shida. Kamba wadogo wa majini, jamani, wataliwa.

Panda mimea, weka mawe ya kujificha. Watangulize wengine, beta aingie mwisho, ili asijione mwenye nyumba. Kisha mtazame siku kadhaa. Beta hawana tabia moja. Mmoja atakaa kwa amani, mwingine atafukuza kila anayepita. Uwe na chombo kingine tayari cha kumhamishia. Ukimwona amebana mapezi, hali chakula, au mapezi yamechanika, mtenge mara moja na kubadilisha sehemu ya maji. Chakula chake ni nyama: viluwiluwi vya mbu anavipenda sana. Mpe kidogo kidogo.

Na ukichoka kumfuga, usimmwage mtoni wala ziwani. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria na watu katika miaka ya 1950. Ameleta fedha nyingi, sikatai, lakini aina nyingi za furu zimetoweka. Beta ni mdogo, ila hakuna ajuaye ataleta nini katika maji asiyozaliwa. Mrudishe dukani, au mpe mfugaji mwingine mwenye tangi.