Askari na Wosia wa Mlezi

Amri ya kuondoka ikifika kambini, askari hukagua bunduki yake, hufunga mkoba na kutuma fedha nyumbani. Jambo moja husahauliwa mara nyingi: ni nani atakayewalea watoto asiporejea, na ni nani atakayemtunza mama mzee au ndugu asiyejiweza aliyekuwa akimtegemea.

Twawasikia wengi wakinena kwamba kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Hatukubaliani nao. Askari huvaa kofia ya chuma, wala haambiwi kwamba anaiita risasi.

Sheria ya Mirathi ya Uganda imemfikiria mpiganaji kwa namna ya pekee. Mwanajeshi aliye katika msafara wa kivita au vitani hasa aweza kutoa wosia bila taratibu za kawaida. Akiuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, haulazimu sahihi wala mashahidi. Aweza hata kuutamka kwa kinywa mbele ya mashahidi wawili walio pamoja. Lakini wosia wa kinywa hufa mwezi mmoja baada ya hali hiyo ya vita kumwishia. Aliyeutamka Mogadishu, akarudi salama na kukaa kimya, hana wosia tena. Polisi, pamoja na mwanajeshi aliye kambini wakati wa amani, wafuate njia ya kawaida: sahihi au alama ya kidole, na mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu katika wosia huo.

Katika wosia ndimo mlezi anamotajwa. Zamani sheria ilimpa uwezo huo baba peke yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu hivyo, na marekebisho ya mwaka 2022 yakampa kila mzazi, hata askari wa kike, haki hiyo.

Asiyeacha wosia hugawiwa na sheria: watoto na wajukuu asilimia 75, mjane 20, wategemezi wengine 4, mrithi wa kimila 1. Mama mzee na ndugu mlemavu wamo katika hizo 4. Zikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja ataambulia nini? Anayewajali na awaandikie fungu lao mwenyewe.

Nyumba ya ndoa ni makao ya mjane na watoto, na kuwafukuza humo ni kosa la jinai. Hapa twasema na polisi waziwazi. Mjane akifika kituoni na virago vyake, asirudishwe kwa wazee wa ukoo eti ni ugomvi wa nyumbani.

Wazazi wote wawili wakifariki, Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yawaruhusu jamaa kumteua mlezi kwa mila zao. Mlezi huyo ni mdhamini tu wa mali. Ng'ombe wa yatima si ng'ombe wa baba mdogo. Akiwauza kwa manufaa yake, makamu mwenyekiti wa baraza la kijiji, ambaye ndiye mwangalizi wa mambo ya watoto, apelekewe habari, na kesi yaweza kufika mahakamani.

Karatasi ya wosia isiwekwe katika mkoba wa vitani. Ibaki kwa mtu mwaminifu asiyekwenda safari hiyo, na mke ajue ni nani.